Babu na Ushindi wa Kupewa

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akala chakula chake upesi upesi, kisha akapangusa meza ya sebuleni mpaka ikang'aa. Meza ile haikupanguswa kwa ajili ya wageni. Ilikuwa uwanja wa mchezo wake na babu yake.

Chiriku halikuwa jina lake la kuandikishwa. Alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Alizungumza akila, alizungumza akifua, na mama yake alidai kwamba hata usingizini alimalizia hadithi alizozianza mchana. Nyumbani walikuwa watatu tu, yeye, mama yake, na babu mzaa mama, lakini kwa maneno yaliyotoka mle ndani, mpita njia angedhani kuna harusi.

Babu alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, chenye harufu ya mpira na grisi, minyororo ikining'inia ukutani na beseni la maji la kutafutia pancha likikaa karibu na mlango. Wateja walimpenda kwa mikono yake myepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Mtu alileta tairi lililotoboka akiwa amenuna, akaondoka akishika mbavu kwa kicheko. Kisha asubuhi moja babu aliinama kuokota spana, akashindwa kuinuka. Hospitalini walisema ni kiharusi.

Aliporudi nyumbani, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito na maneno yalikuwa yamemponyoka. Si kwamba hakujua alichotaka kusema. Alijua vizuri sana, ila neno lilifika kwenye ncha ya ulimi likageuza njia. Akitaka chumvi alisema "sabuni". Siku moja alimwita paka "breki", na paka akaja, ndipo wote watatu wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Siku nyingine hapakuwa na cha kuchekesha. Alianza jambo, akalisahau katikati, akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa asijue na nani.

Ndiyo maana walipelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, dada mrefu mwenye miwani mikubwa. Chumba chake kilikuwa na meza ya chini, viti vichache, na dirisha lililotazama mahali pa kuanikia mashuka ya hospitali. Siku ya kwanza alitoa kadi ndogo za picha: kijiko, mwavuli, jogoo, ufunguo na nyinginezo, kila picha ikiwa na pacha wake. Akazichanganya, akazipanga mezani zikiwa zimefunikwa.

"Dada, tumekuja kutibiwa au kucheza?" Chiriku aliuliza.

"Yote mawili," mtaalamu alijibu. "Babu atafunua kadi mbili. Zisipofanana, atazifunika tena na kujaribu kukumbuka zilipo. Zikifanana, atataja jina la picha, halafu jozi ni yake. Akikumbuka, ubongo unafanya kazi. Akilitafuta jina, unafanya kazi zaidi. Ni kama mguu uliolegea: unatembezwa kidogo kidogo mpaka unapata nguvu."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Wewe ndiye utakayekuwa mpinzani wake nyumbani. Kazi yako ngumu ni moja tu. Akilitafuta neno, mwache alitafute. Usimtajie mpaka akuombe mwenyewe. Utaweza?"

"Nitaweza, dada! Mimi nina subira sana, hata mama anajua, juzi dukani nilisubiri foleni mpaka yule muuzaji..."

Mama alikohoa. Mtaalamu akatabasamu chini ya miwani yake.

Kumbe kazi ile ilikuwa ngumu kuliko Chiriku alivyodhani. Babu alifunua kadi, akaifunika, akasahau palepale alipoiweka. Na hata alipopata jozi, jina lilikataa kuja. "Ki... ki... kile cha..." alisema, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na Chiriku akahisi neno "kijiko" likimwasha mdomoni kama pilipili. Jioni moja, baada ya kushindwa mara nyingi mfululizo, babu alizisukuma kadi zote sakafuni kwa mkono wa kushoto, akajifunika uso. Mabega yake yalitikisika. Chiriku hakuwa amewahi kumwona babu akilia. Aliokota kadi moja moja chini ya meza, akikawia makusudi ili asimtazame.

Kesho yake aliamua kumsaidia. Mkono wa babu ulipopita juu ya kadi sahihi, alikohoa kidogo. Babu alipokwama kwenye jina, Chiriku alinong'ona, "Kiji...", na kabla babu hajafungua kinywa akapiga makofi. "Kijiko! Umepata, babu! Chukua jozi yako!"

Babu alimtazama kwa muda, kisha akaichukua ile jozi polepole. Tangu siku hiyo akawa anashinda kila mchezo, na hakulia tena. Ila hakutabasamu pia, na hilo Chiriku hakulitilia maanani.

Walipokwenda tena hospitalini, babu alikwama kama kawaida yake. Mtaalamu aliuliza, "Na nyumbani anaendeleaje?"

"Nyumbani ananishinda, dada! Kila siku! Hapa anaona haya tu."

"Bila kumsaidia?"

Chiriku alitazama mashuka yaliyokuwa yakipepea nje. "Bila kumsaidia," akasema.

Uso wa mama ulichangamka. Likizo yake katika kiwanda cha kushona sare ilikuwa inakwisha, na kwa siku nyingi alikuwa akijiuliza nani atabaki na babu. "Basi labda anaweza kukaa peke yake asubuhi," alisema.

"Kama nyumbani anakumbuka hivyo, mnaweza kujaribu," mtaalamu alisema. "Kwa muda mfupi, na jirani awe karibu."

Babu akainua mkono. "Ha... hapana... huyu... ana..."

"Anasema hapana shida," Chiriku alidakia.

Babu akaushusha mkono.

Haikuchukua muda mrefu. Siku moja Chiriku alirudi kutoka shule akakuta majirani wamejaa mlangoni na harufu ya moshi imetanda uani. Alijipenyeza kati yao mpaka jikoni. Ukuta wa karibu na jiko ulikuwa mweusi, pazia limebaki kipande, na sufuria ya chai imeungua mpaka imejikunja. Babu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kiganja chake cha kushoto kikiwa kimefungwa kitambaa chenye maji. Kando yake alisimama seremala wa nyumba ya pili, unga wa mbao ukiwa bado nyweleni.

"Aliteleka chai akaenda karakana, akaisahau," seremala alimweleza mama, aliyefika akitweta. "Aliporudi pazia linawaka, akalivuta kwa mkono likamuunguza. Akaja kwangu mbio, anapiga kelele, 'Kengele! Kengele!' Mimi nikadhani anataka kengele ya baiskeli. Nusura nianze kumtafutia, dada yangu. Mpaka nilipoona moshi."

Babu aliinamisha kichwa. Neno "moto" ndilo lililomkimbia saa alipolihitaji kuliko maneno yote.

Mama alimfunga babu kidonda vizuri, akafagia masizi na majivu. Walipoketi sebuleni akasema kwa hasira, "Yule mtaalamu ametuponza. Alisema baba anaweza kukaa peke yake. Kesho nitakwenda kumwambia vizuri tu, na mkubwa wake nitamwona."

Chiriku alimtazama mama, akamtazama babu na mkono wake uliofungwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta neno akalikosa.

"Mama," alisema hatimaye, "si yeye. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Babu hanishindi. Namkoholea kwenye kadi. Namtajia majina. Dada aliponiuliza nilimdanganya."

Paka alipita chini ya meza, akajilaza miguuni pa babu. "Kwa nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Alilia, mama. Sikutaka alie tena."

Hasira ilimtoka mama kama hewa kwenye tairi. Alimvuta bintiye karibu, akampangusa machozi kwa upindo wa kanga yake. Lakini hakumwachia hivyo hivyo. "Nimekusikia, na nimekuelewa. Kesho tutakwenda wote watatu, na maneno haya utayasema wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kesho yake, katika kile chumba chenye meza ya chini, Chiriku alisema yote. Alingojea kufokewa. Mtaalamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Na mimi nilikosea. Nilimwona babu anakwama hapa mbele ya macho yangu, nikaamini habari za nyumbani. Lakini sikiliza. Ulipomtajia neno, ubongo uliofanya mazoezi ulikuwa wako. Wake ulikaa tu. Na uliponiambia ameshinda, ulinifumba macho, nikatoa ushauri unaomfaa mtu mwingine kabisa, si babu yako."

Kisha akamgeukia babu. "Mzee wangu, siku ile ulitaka kutuambia jambo. Lilikuwa nini?"

Babu akafungua kinywa. "A... ana..." Neno likakataa. Mashuka yalipiga kelele kwa upepo. Chiriku alikalia mikono yake yote miwili, akauma midomo. Mama alitazama sakafu. Hakuna aliyemsaidia.

"Ananipa," babu akasema.

"Anakupa nini?"

Kimya kingine, kirefu zaidi ya kile cha kwanza.

"U... ushindi. Sitaki wa... wa kupewa. Nataka..." Akajipiga kifuani kwa mkono uliofungwa. "Wangu."

Chiriku aliangua kilio. Babu akamvuta kichwa, akakiegemeza begani kwake, na kwa mkono ule mzito wa kulia akampapasa nywele, taratibu, kama zamani alivyopapasa tairi kutafuta mwiba.

Walianza upya, na safari hii kwa jozi chache tu. Asubuhi mama alipokwenda kiwandani, babu alishinda kwenye karakana ya seremala, na yule seremala, mtu wa mizaha, alikataa kumpa kitu chochote mpaka akitaje. "Unataka nyundo au unataka kuku, mzee? Sema, wateja wananingoja!" Babu alicheka, akahangaika, akasema.

Nyumbani, Chiriku alibuni dawa yake mwenyewe ya mdomo. Zamu ya babu ilipofika, alipiga funda kubwa la maji akalishikilia mashavuni. Hakuweza kunong'ona wala kukohoa. Alibaki ametuna kama chura, macho yamemtoka, mpaka babu alipotaja neno, ndipo akameza. Mara ya kwanza babu alipomwona hivyo alicheka, akasahau kadi zote zilipokuwa, na walilazimika kuanza tena.

Siku zilikwenda. Kulikuwa na jioni za kupata neno moja tu, na jioni moja kadi zilisukumwa tena sakafuni. Chiriku aliziokota, akazipanga, akangoja. Jozi ziliongezeka, na kitambaa mkononi mwa babu kikatoka.

Jumamosi moja mtaalamu alikuja kuwatembelea nyumbani. Akaketi na mama pembeni, akatazama mchezo kwa makini bila kuuliza lolote. Babu alifunua mwavuli, akafikiri, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye pacha wake. "Mwa... mwavuli," alisema. Lakini ufunguo ulimchanganya, na jozi ya mwisho akaichukua Chiriku. Wakahesabu. Chiriku alikuwa amemshinda babu yake kwa jozi moja.

Chiriku hakujua afurahi au ahuzunike. Akamtazama mtaalamu. "Leo ameshindwa, dada. Lakini sikumsaidia hata kidogo."

"Nimeona," mtaalamu alisema. "Na leo ndipo ninapojua amefika wapi, kwa hiyo najua pia pa kumpeleka kesho. Kumpenda mtu anayejifunza upya si kumfanyia kazi yake, wala si kumsifia kwa jambo ambalo hajalifanya. Kaa naye, msubiri, na useme kweli juu yake hata pale kweli inapouma. Hayo ndiyo aliyoyahitaji babu kutoka kwako, na sasa unampa."

Babu hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameshika jozi zake mkononi, akizitazama moja moja, uso umemnawiri.

"Zangu," alisema. Kisha akazikusanya kadi zote, akazisogeza upande wa mjukuu wake. "Changanya. Tena... leo leo. Nitaku... nitakushinda."