Mwenzangu wa Maabara Tu

Jumatatu asubuhi kigoda cha Mutindi kilikuwa wazi.

"Mutindi Mulei?" Mwalimu Ndolo aliita.

Maabara nzima ikageuka kumtazama Kiilu.

"Kiilu, mwenzako yuko wapi?"

"Sijui, mwalimu."

Alijua. Jana yake alikuwa amesimama kwenye dirisha la bweni, akamwona Mutindi akivuka lango na sanduku la bati kichwani. Hakushuka kumsaidia.

Ulikuwa muhula wa pili, mwaka ule wa njaa wa 1984, katika chuo kimoja cha ualimu Kitui. Somo lililowatoa jasho wote lilikuwa kemia ya kaboni, ile waliyoiita ogania. Vifaa vilikuwa vichache, kwa hivyo waligawanywa wawili wawili: mmoja ashike moto, mwingine apime na kuandika. Kiilu alishika moto, Mutindi akaandika. Walianza meza moja muhula wa kwanza wakiamkiana tu. Kufikia Aprili walikuwa wakivizia kuosha chupa mwisho, ili wengine watangulie kutoka.

Esta ndizo zilizowafichua. Ukipasha alkoholi na siki pamoja na matone ya asidi kali, hutoka esta, yenye harufu tamu ya tunda lililoiva mno. Darasa lililokula mahindi ya manjano ya msaada mchana na jioni liliifurahia harufu hiyo kama karamu. Mutindi alikimbia nje akatapika. Wiki iliyofuata akatapika tena. Mwalimu Ndolo akampeleka kwa matroni, na matroni hakuhitaji kupima kitu.

Kiilu aliitwa ofisini.

"Huyu msichana ana mimba," mkuu wa chuo alisema. "Amekataa kumtaja aliyempa. Wewe ndiye unayekaa naye. Ni yako?"

Kiilu akaiona sura ya mama yake kule Kasikeu, ambaye kila Jumapili alisimama kanisani kuomba mwanawe amalize chuo.

"Si yangu, mwalimu. Huyo ni mwenzangu wa maabara tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alipofungua mlango, Mutindi alikuwa ameketi kwenye benchi hapo nje. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Mutindi alimtazama usoni, kisha akainamia viatu vyake. Jumapili akafukuzwa chuoni.

Basi Jumatatu hiyo Mwalimu Ndolo alimuuliza Kiilu, "Leo utafanya kazi na nani?"

"Peke yangu, mwalimu."

"Moto utaushika kwa mkono gani, na kalamu kwa upi?" Kilonzo alidakia kutoka meza ya nyuma, na darasa likacheka.

Kiilu alifanya kazi peke yake hadi muhula ukaisha. Harufu ya esta ilipopanda alitazama ukutani. Mtihani akaupita vizuri, na hilo lilimuumiza kuliko kama angeanguka.

Siku ya kufunga chuo Kilonzo, ambaye kwao ni Mutomo kama Mutindi, alimkuta akifunga shuka zake.

"Unajua babake alimfukuza?"

"Nani amekuambia?"

"Mutomo nzima inajua. Mzee Mulei ni mzee wa kanisa, bwana. Jina la binti yake lilisomwa mbele ya waumini, akatengwa. Wewe huku unapika esta."

"Yuko wapi sasa?"

"Si una miguu? Nenda ukaone."

Kiilu alirudi Kasikeu akamweleza mjomba wake, Nzioka, kila kitu. Mjomba alimtukana kwanza. Kisha wakatafuta mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao wakishapokewa kwa wazazi wa msichana basi ni mke, wakapanda nao lori la mifugo hadi Mutomo.

Mzee Mulei aliwapokea amesimama.

"Mbuzi wa nini?"

"Wa ntheo, mzee," Nzioka alisema. "Kijana wetu amekosa, tumekuja kutengeneza."

"Mmechelewa. Mbuzi wa huyo nimeshapokea. Ameolewa."

Kiilu alisogea mbele. "Ameolewa na nani, mzee?"

"Kaulize kwa Kaluki, ng'ambo ya mto mkavu. Na hao wanyama wako uwatoe hapa."

Kaluki alikuwa mjane wa makamo, ameketi kivulini akipepeta mbaazi.

"Wewe ndiye wa kemia?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Ndiyo, mama."

"Kaa chini. Mbuzi wako wakae mbali na mbaazi zangu, ndizo zilizobaki."

Nzioka alikohoa. "Mama, tumeambiwa Mutindi ameolewa hapa. Tunaomba kumwona mwenye mji."

"Unamwona."

"Nasema mume wake."

"Hata mimi nasema mume wake. Nimemwoa mimi. Mbuzi nilitoa mimi."

Nzioka alivua kofia taratibu. Alielewa. Ni desturi ya Wakamba tangu zamani: mwanamke asiyejaliwa mtoto aweza kuoa mwanamke mwenzake, atoe mbuzi kama anavyotoa mwanamume, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, kwa jina la mumewe. Mume wa Kaluki, marehemu Muthama, alikufa bila kuacha mtoto. Kanisa lilishaikataza desturi hiyo, lakini Kaluki hakuwa mtu wa kanisa, na Mzee Mulei alitaka tu aibu iondoke kwake.

Mutindi alitokea mlangoni, tumbo mbele, mikono ina unga.

"Mutindi," Kiilu alisimama. "Nimekuja kukuchukua."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

"Siku ile sikutaka mbuzi, Kiilu. Nilitaka neno moja."

"Niliogopa."

"Kumbe. Mimi nilidhani naogopa peke yangu."

Kiilu aliketi tena chini.

"Baba aliniuliza mtoto ni wa nani," Mutindi aliendelea kwa sauti ya chini. "Wazee wa kanisa wakauliza. Mkuu wa chuo akauliza. Kaluki aliniuliza kama nimekula."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa nyumba hii."

Kiilu alianza kulia mbele ya mjomba wake, na hakuweza kujizuia.

"Usimlilie mke wangu," Kaluki alisema, bila kuacha kupepeta. "Kalilie kule ulikosema uongo."

Chuo kilipofunguliwa, Kiilu alikuwa mtu wa kwanza kubisha ofisini.

"Mwalimu, nilikudanganya. Mtoto wa Mutindi ni wangu."

Mkuu wa chuo aliweka miwani mezani. "Umepita mtihani. Jambo limekwisha. Kwa nini unaniletea tena?"

"Kwa sababu yeye alifukuzwa, mimi nikabaki."

"Sheria ni moja, unajua?"

"Najua."

"Basi uondoke leo."

"Na yeye, mwalimu? Akijifungua, atarudi?"

Mkuu alivaa miwani yake tena. "Aje mwenyewe aniombe. Si wewe."

Kiilu alibeba sanduku lake mchana, wanafunzi wote wakitazama. Alipopita maabara, Kilonzo alitoka na koti jeupe.

"Nipe upande mmoja," akasema, na wakalibeba wote wawili hadi barabarani.

Mutindi alijifungua msichana, akaitwa Nthenya. Mwaka uliofuata alirudi chuoni kumaliza ogania yake, na Kaluki akabaki na mtoto. Jirani mmoja alipomcheka, Kaluki alimjibu, "Wewe ulioa mtu wa kukutekea maji. Mimi nimeoa mwalimu."

Kiilu alipata kazi ya kuuza dawa za mifugo Ikutha. Kila alipopata nafasi alikuja kwa Kaluki, akalima, akarekebisha boma. Kwa muda mrefu Mutindi alimwachia uji kwenye jiwe na kuingia ndani. Siku moja akaketi.

"Bado unanuka dawa ya kupe," akamwambia.

"Nitaoga."

"Kunywa kwanza."

Sasa Mutindi anafundisha kemia, na Kiilu anaishi pale kwa ruhusa ya Kaluki. Nthenya yuko darasa la pili. Akiulizwa baba yake ni nani, husema ni marehemu Muthama. Kiilu huwa ameketi papo hapo, anasikia.