Maji ya Moto Nyuma ya Gereji

Alimwaga maji, kikalia kitu.

Ilikuwa Februari ya mwaka 2004, nyuma ya gereji moja huko Rockville, Marekani. Shomari, kijana wa Pangani, alikuwa akifunga kioo cha mbele cha pikapu kuukuu pamoja na mwenzake Peterson, Mjaluo wa Kisumu. Kioo cha pikapu za umri ule hakishikwi na gundi, hukaa ndani ya mpira. Mpira mpya ulikuwa umekakamaa kwa baridi, wakauloweka kwenye beseni la maji yaliyochemka mpaka ukalainika. Kisha Shomari akalibeba beseni hadi kwenye mtaro wa maji machafu, magharibi inaingia, akamwaga.

Sauti nyembamba ikalia, kama paka aliyekanyagwa, halafu ikakatika.

Peterson alitoa kichwa mlangoni. "Umeskia hiyo?"

"Paka."

"Paka gani, buda? Hapa hakuna paka."

Sasa nyinyi wa bara mtaniuliza, maji ya moto yana nini? Mtoto wa Pwani hamwagi maji ya moto chini giza likiingia bila kusema bismillah, ili wale tusiowaona wapishe na watoto wao. Shomari aliyajua hayo kabla hajajua kujivisha kaptura. Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Alilimeza kwa sababu mwenye gari, mzee Ethan, alisimama pale kando na kofia yake ya jeshi, anavuta sigara. Pale kazini Shomari alijiita Sam. Tangu minara ile miwili iangushwe kwa ndege, jina lake, sala zake na salamu zake alivifungia nyumbani Annandale. Na mzee wa watu hakuwa amemfanya lolote! Alikuwa amewaletea kahawa. Ilikuwa haya tu, haya ya kijinga.

Wakarudi kwenye kioo. Kazi hii ni ya watu wawili. Kamba huzungushwa ndani ya mfuo wa mpira, mmoja anakaa ndani ya gari akiivuta, mwingine yuko nje anakandamiza kioo kwa viganja. Shomari aliingia ndani. Kioo kilikuwa kimejaa povu la sabuni, na kupitia povu aliviona viganja vipana vya Peterson, naye akawa anaivuta kamba taratibu, mdomo wa mpira ukipanda juu ya chuma, mpaka alipoona chini ya viganja vile viganja vingine viwili, vidogo, vya mtoto, navyo havikuwa nje, vilikuwa upande wake, vinateleza kwenye povu kama vya mtu anayetafuta pa kushika, na kila vilipopita viliacha ngozi.

"Vuta basi, msee!" Peterson alipiga kelele.

Akavuta. Kioo kikakaa sawasawa. Mzee Ethan akashukuru, akaondoka na gari lake, na Shomari hakumwambia mtu.

Asubuhi yake binti yake Nasra, mtoto wa miaka mitano, aliamka akilia. Mgongo wake mzima ulikuwa malengelenge. Hospitali daktari aliwatazama wazazi wote wawili, kisha akamtazama Shomari peke yake.

"Nani amemmwagia mtoto maji ya moto?"

"Hakuna maji aliyomwagiwa," alisema Mwanaidi, mama yake Nasra. "Wallahi hakuna."

Akaja mwanamke wa ofisi ya ustawi wa watoto, amevaa koti la kijivu. Akasema kwa adabu kwamba ikionekana alama nyingine, mtoto ataondolewa nyumbani. Shomari angesema nini? Walimshuku kwamba amechoma mtoto, na kweli alikuwa amechoma mtoto.

Magharibi ya siku iliyofuata malengelenge mapya yakaumuka, pale sebuleni, mbele ya macho yao. Hapo Shomari akashindwa.

"Mwanaidi, ni mimi."

Mkewe alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Sikumgusa. Nilimwaga maji ya moto kazini. Sikusema bismillah."

Mwanaidi naye ni wa Pwani, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Ulimwogopa nani?"

"Nilimwonea haya mzungu mmoja."

"Haya yako," alisema Mwanaidi, "kwa ngozi ya mwanangu."

Wakampigia simu Bi Mwanakombo, Mtanga mmoja aliyekuwa akiuguza wazee kule Temple Hills. Wengi walimjua kwa kazi hiyo, wachache kwa ile nyingine, ya uganga. Alikuja na sare zake za kazi, amekasirika.

"Mjinga wewe! Ulidhani majini wa Marekani hawazai? Haya, twende ulipomwaga."

Peterson aliwafungulia geti, akabaki mlangoni anaomba kwa Kijaluo. Bi Mwanakombo akafukiza ubani kwenye makaa, akanong'ona maneno yake, na moshi badala ya kupanda ukashuka ukaingia mtaroni, na ndani ya mtaro kukasikika kitu kidogo kinagumia, kinagumia bila kuchoka, kama mtoto aliyelia mpaka sauti ikamwisha, na Shomari alipogeuka kumtafuta mkewe akamkuta amechuchumaa ukingoni, mikono imekunjwa kama anayepakata, macho meupe, kinywa kinasema kwa sauti isiyo yake.

"Wako ana daktari. Wangu nimpeleke wapi?"

Shomari alipiga magoti barafuni. "Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Msamaha haupoozi. Umemchoma, utamuuguza. Siku utakayomwacha alie, na wako atalia."

Mwanaidi akaanguka. Walipoondoka, ndani ya gari Shomari alihisi kitu kinampandia mapajani, kizito, cha moto kama mtoto mwenye homa. Hakuthubutu kukisukuma.

Nasra akapona. Mwanamke wa koti la kijivu akaja, akakagua mgongo, akaaga kwa tabasamu. Na kila jioni Shomari alitandika mkeka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akachovya vidole kwenye dawa ya kuungua na kuipaka hewani, mpaka vidole vikakuta mgongo mdogo uliochubuka, unaotetemeka. Alilia kila mara. Alistahili, alijua anastahili, na kujua hakukumsaidia kitu. Alimuuliza Bi Mwanakombo mtoto atapona lini.

"Wao hunyonya miaka mia, baba. Kidonda nacho kina mwendo wake."

Shomari akaapa Nasra asijue kamwe. Deni ni lake, litakufa naye.

Mwaka 2009 kidole tumbo kilimpasukia kazini, akapasuliwa mchana uleule. Alipozinduka dirisha lilikuwa limeshaingia giza. Alipiga simu nyumbani huku anajaribu kushuka kitandani.

"Mwanaidi! Mtoto! Hajapakwa!"

"Tulia," mkewe alisema, kwa sauti ndogo sana. "Anapakwa. Nimekuta mkeka umetandikwa. Nasra anampaka."

"Nani kamfundisha?"

"Nimemuuliza. Anasema mama wa yule mtoto. Anasema humshika mkono akamwonyesha, kila ukitoka kwenda kazini, toka mwaka ule."

"Msogezee simu," alisema Shomari. "Niongee naye."

Alisikia hatua za mkewe, mlango ukifunguka, kisha sauti ya binti yake ikibembeleza, nyamaza, nyamaza, imebaki kidogo. Alikuwa anafumbua mdomo amwite, aliposikia mwanamke mwingine, karibu kabisa na simu, akisema kwa mapenzi:

"Vizuri, mwanangu. Hivyo hivyo."

Na Nasra akaitika, "Ndiyo, mama."