Samaki wa Evelina Waliogoma Kukua

Kila asubuhi Evelina alishuka bondeni na ndoo ya pumba. Alimwaga pumba kwenye bwawa lake la samaki, kisha akachuchumaa ukingoni kuangalia. Samaki walikuja mbio wakala. Tatizo lilikuwa moja tu: hawakui.

Bwawa hilo lilichimbwa mahali palipokuwa na jaruba la mpunga. Mumewe, Luhende, alikubali shingo upande. Walikwenda wenyewe ziwani, kwenye mawe, wakachota samaki wadogo kwa chandarua. Samaki wale walikuwa na mistari myeusi ubavuni. Kwa Evelina, samaki mdogo mwenye mistari ni mtoto wa sato, yule perege mkubwa wa ziwani, basi. Sasa miezi minane imepita, na samaki bado wana urefu wa kidole.

"Mvua zikianza nafukia," Luhende alisema. "Turudi kwenye mpunga wetu."

Evelina hakubishana. Aliongeza pumba. Mwanamke huyu akishika jambo haachii, mtaa mzima wa Kiseke unamjua.

Siku moja jirani yake Mwaija alipita kuomba matembele. Mwaija hufanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Evelina akaona huyu ndiye wa kumuuliza. Alinasa samaki mmoja kwa wavu, akamweka kwenye beseni la maji. Mara samaki akafungua mdomo, na vitoto vidogo mno vikatoka.

Evelina alifurahi. Sato wake wameanza kuzaa! Lakini Mwaija aliinama, akamtazama yule samaki kwa muda mrefu.

"Mama Suzana," alisema, "huyu si mtoto wa sato. Ni furu, na ni mtu mzima. Hata umlishe miaka mitano, ataishia hapo hapo."

Evelina hakutaka kuamini. Aliuliza amejuaje. Mwaija alieleza kwamba vitoto mdomoni si alama ya kutosha, maana hata sato hutunza watoto wake mdomoni. Mistari ya ubavuni nayo hudanganya.

"Angalia mkia. Sato wa kufuga ana mistari myembamba iliyosimama mkiani. Huyu hana."

Kisha akanasa dume, akamgeuza. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, kulikuwa na madoa ya njano ya mviringo kama mayai. Hiyo ni alama ya furu dume.

Alisema furu wako wa aina nyingi. Wengine hukaa chini kwenye kina kirefu. Wengine huishi kwenye mawe yale yale maisha yao yote, na wakichotwa hapo kwa chandarua wanaweza kuisha kabisa.

Evelina alisikia uchungu na aibu. Miezi minane ya pumba! Alikaa chini kwenye nyasi. Alipoinuka, alikwenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Nilikosea samaki, baba Suzana. Sikukosea bwawa. Nipe msimu mmoja."

Luhende alimtazama, akakubali. Msimu mmoja tu.

Walitoa maji, wakala furu wa kukaanga mpaka wakachoka. Waliacha bwawa likauke hadi udongo ukapasuka, wakanyunyiza chokaa, kisha wakajaza maji upya. Vifaranga vya sato vilipoletwa kutoka kituo cha Mwaija, Evelina hakuvimwaga upesi. Alivitia vichache vichache kwenye beseni jeupe, akikagua mikia. Aliyevileta alilalamika kwamba jua linapanda. Evelina akamwambia asubiri. Vitatu alivikataa.

Mvua zikaja, zikapita. Mwezi wa saba tangu vifaranga viingie bwawani walivuta wavu, na ulikuwa mzito hata Luhende akaingia majini kusaidia. Siku hiyo sato mmoja alijaza sahani, mkia ukaning'inia nje.

Luhende alikula polepole. Alipomaliza alinawa, akachukua kamba na vigingi, akashuka bondeni kwenye jaruba la pili.

"Njoo ushike huku," alimwita mkewe. "Tupime bwawa la pili."