Taa za Mwisho wa Barabara

Uwanja ule mweupe ulipita chini ya puto lao taratibu, mpana, hauna mti wala uzio, na Froukje akauacha upite kwa sababu haukuwa na barabara.

Kwao Friesland ndivyo walivyofanya siku zote. Unatazama malisho, unatafuta njia ya trela, na kama njia hakuna unawasha moto kidogo, unavuka mfereji, na malisho mengine yanakungoja upande wa pili. Nchi yote imelala kama meza. Harmen, marehemu mumewe, aliweza kukataa viwanja viwili vitatu vizuri mfululizo ili ndugu yake aliyewafuata kwa gari asikwame kwenye tope. Lakini hapa palikuwa Uswisi, katikati ya milima. Baada ya uwanja ule ulikuja msitu wa misonobari, baada ya msitu likaja jabali, na baada ya jabali hapakuwa na malisho mengine.

“Shemeji,” alisema Sjoerd, mikono yote miwili imeganda kwenye ukingo wa tenga, “mimi si rubani, lakini ule ulikuwa uwanja mzuri.”

“Hauna barabara.”

“Basi dereva anakushukuru.”

Dereva alikuwa yeye mwenyewe. Kwa muda wa miaka ishirini Sjoerd alikuwa akimfuata kaka yake ardhini, gari na trela, shingo imepinda kuangalia juu, na hata siku moja hakupanda. Alisema kila puto linahitaji mtu mmoja mwenye akili abaki chini. Harmen alipokaribia kutua aliwasha moto mara mbili fupi, kisha akanyamaza. Alikuwa akiuliza, umeniona? Na Sjoerd, popote alipokuwa, alisimamisha gari na kuwasha taa kubwa mara mbili: nimekuona. Kisha, wakishakunja kitambaa na kumimina kahawa, aliuliza swali lile lile. Uliziona? Harmen alijibu kwamba aliziona. Sjoerd hakumwamini. Taa za gari mchana kweupe, kutoka juu kule? Aliona kaka yake anamwonea huruma tu.

Harmen alikuwa amealikwa kwenye tamasha hili la maputo la kijiji cha Rossmatten. Alilisubiri kama mtoto. Akafa mwezi wa kumi na moja, moyo, akiwa bandani mbele ya cherehani. Puto alikuwa amelimaliza: la buluu na nyeupe, lenye majani mekundu ya yungiyungi kama ya bendera ya kwao, ameshona kila mshono kwa mkono wake katika baridi za miaka mitatu. Mwaliko ulikuwa bado ukutani. Froukje alikuwa na leseni kama mumewe. Binti yao, Jeltje, alisema angeendesha gari yeye, ili baba mdogo apande walau mara moja. Sjoerd alikataa hadi mpakani, akakubali baada ya mpaka, na tangu hapo hofu yake kubwa ikawa ubatizo. Maana anayeruka mara ya kwanza, akishatua salama, huchomwa ncha ya nywele kwa kiberiti, humwagiwa kinywaji, na hupewa ulodi, yaani ubwana mkubwa, wa mahali alipotua, jina refu ambalo asipolikumbuka atawanunulia wote vinywaji. Sjoerd alibakiwa na nywele chache juu ya masikio. Aliomba zihesabiwe kabla na baada.

Sasa hakuwa akitania tena. Upepo wa juu uliwashika nyuma ya bega la mlima na kuwasukuma kuelekea ukuta wa mawe. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye sufuria. Mitungi miwili ya gesi ilikuwa mitupu, wa tatu ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu. Mbele yao, chini kidogo ya kilele, Froukje aliona bakuli la theluji, dogo, limeinama, ukingo wake wa chini ukikatika juu ya genge. Alizima moto.

“Piga magoti. Mgongo huku. Shika kamba za ndani, usishike za nje.”

Akavuta kamba ya kutoa hewa. Tenga lilishuka, likagusa theluji, likateleza kimya hadi kimya kile kikaishia kwenye mwamba uliofichwa chini. Likapinduka. Mtungi ulichomoka kwenye mkanda wake, na Froukje akasikia Sjoerd akitoa sauti fupi, kama mtu aliyegutushwa usingizini.

Alimkuta amelala ubavu, mguu wa kushoto umebanwa kati ya mtungi na fito za tenga. Alipouondoa mtungi, muundi wa mguu ulikuwa na kona ambayo haikupaswa kuwapo. Damu haikuwa nyingi. Redio ya kuzungumzia na gari ilikuwa imerushwa nje ikazama kwenye theluji. Aliitafuta kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi, asiipate. Simu yake ilizimika kwa baridi mkononi. Ya Sjoerd ilikuwa garini, kando ya kiti cha dereva.

“Umeiacha?”

“Mimi huwa naiweka pale.”

Froukje alichomoa nguzo mbili za kushikilia jiko la moto wa puto, nyepesi, zilizovikwa ngozi, akazilaza kando ya mguu na kuzifunga kwa skafu yake na mkanda wa Sjoerd. Alimwambia ataunyoosha kidogo. Sjoerd alisema anyooshe, na amsimulie kitu. Alimsimulia habari ya uwanja ule mweupe, kwamba kosa ni lake, kwamba alitazama mlima kwa macho ya mtu wa mifereji. Alipomaliza kusema, kazi ilikuwa imekwisha, na uso wa Sjoerd ulikuwa umelowa jasho kwenye baridi ile.

“Ningekuwa chini na gari ningekusifu,” alisema. “Mguu ndio unaolalamika.”

Jua lilipita nyuma ya kilele na bakuli likawa la rangi ya kijivu. Hapo upepo ukageuka. Froukje aliusikia kwanza shingoni: hewa baridi, nzito, ikiteremka kutoka juu. Puto lilikuwa limelala chini yao kwenye mteremko, mdomo wake ukitazama juu, na hewa ile ikaingia mdomoni. Kitambaa kikatikisika. Kikapanda kama ubavu wa mnyama anayeamka. Tenga likasogea hatua moja kuelekea genge, Sjoerd akiwa ndani.

Alizikimbilia pete za chuma zilizounga puto na tenga. Zilikuwa zimekazwa na mvuto, hazikufunguka hata alipozigonga kwa jiwe. Tenga likasogea tena.

“Kata,” alisema Sjoerd, akimnyooshea kisu chake.

Froukje alishika kisu asifanye kitu. Kisha akashuka mbio kwa magoti hadi pale kitambaa kilipovimba, akakitia kisu. Kwa bahati mbaya kiliangukia mshono. Kisu kilipita juu yake, kikarudi, kikapita tena, uzi haukukubali. Harmen alikuwa ameushona mara mbili na kuukunja, na baridi tatu alizokaa bandani zilikuwa zote mle. Froukje alisikia tenga likikwaruza nyuma yake. Akahamisha kisu upana wa kiganja, nje ya mshono, kwenye kitambaa kitupu, na hapo kikaingia kirahisi mno. Akapasua kutoka alipopiga magoti hadi mkono wake ulipofika, akahamia kipande cha pili, cha tatu. Hewa ilitoka kwa mluzi mrefu. Puto likalala.

Tenga lilikuwa limesimama. Alilitazama, akatazama ukingo, asitake kupima kilichobaki katikati.

Alikata vipande vingine sasa, bila haraka, kando ya mishono, kama anayefumua vazi. Alimfunika Sjoerd navyo tabaka kwa tabaka, akajaza theluji upande wa upepo, akaingia naye ndani. Walikuwa na kahawa nusu chupa, mkate wa sukari, na chupa ya kinywaji kikali cha mitishamba kwa ajili ya mkulima ambaye wangetua shambani kwake. Walikubaliana kwamba hapa mkulima hakuna, lakini Froukje hakuruhusu kinywaji. Kinafukuza joto, alisema. Walikula mkate. Theluji hawakuila, aliiyeyusha ndani ya kifuniko cha chupa, mikononi, wakanywa kidogo kidogo.

Sjoerd alianza kutetemeka. Aliomba jiko liwashwe, kidogo tu, mikono ipate joto. Froukje aliangalia kipimo cha mtungi wa tatu. Gesi iliyobaki ingewapa joto kwa muda mfupi sana. Ukungu ukiondoka, ingewapa pia moto wa kuonekana. Isingetosha kwa vyote viwili. Na gesi yenyewe ilikuwa imepoa. Mtungi ukiachwa kwenye baridi ile, moto ungetoka dhaifu kama wa mshumaa.

“Tutaulaza katikati yetu,” alisema.

Basi wakalala hivyo, mtungi katikati, umeviringishwa kitambaa cha buluu na jani moja jekundu. Badala ya gesi kuwapa joto wao, wao ndio walioipa gesi joto. Sjoerd alisema ameshawahi kulala na mke mkali lakini huyu amezidi. Kisha akanyamaza, na kimya chake kikamtisha Froukje kuliko mitetemo. Akawa anamuuliza maswali: jina la ng'ombe wao wa utotoni, barabara ipi ya kwenda Bolsward, nani aliyeanguka mferejini siku ya harusi yake.

“Kaka,” alijibu Sjoerd polepole. “Na suti yake yote.”

Giza lilipoingia ukungu ulitulia, ukazama, ukapasuka. Froukje alitoa kichwa. Chini sana, kijiji cha Rossmatten kilikuwa kimewaka, na kwenye uwanja wa tamasha maputo yalikuwa yamesimama ardhini yakiwashwa na kuzimwa kwa kufuata muziki, kama ilivyopangwa kwa jioni ile. Muziki haukufika. Ilikuwa kama taa za karatasi zinazopumua. Watu wote wa bonde walikuwa pale, na hakuna hata mmoja ambaye angetazama mlima wakati mbele yake pana maonyesho kama yale.

Alisimamisha jiko juu ya theluji, mdomo ukielekea angani, akaunga mpira wa gesi. Alitaka kuchoma yote kwa pamoja, mwali mmoja mrefu, waone wasione.

“La,” alisema Sjoerd kutoka ndani ya kitambaa. “Mara mbili fupi. Halafu nyamaza. Dereva anahitaji muda wa kusimama.”

“Wako uwanjani, Sjoerd.”

“Dereva hakai uwanjani. Anakwenda mpaka barabara inapokwisha, anazima injini, anangoja. Tafuta mwisho wa barabara. Na Jeltje nimemfundisha mimi.”

Froukje alichoma mara mbili. Mwali ulitoka mzima, mrefu kuliko yeye, ukalipaka bakuli lote rangi ya machungwa, kisha giza likarudi zito kuliko mwanzo. Alitazama chini. Taa za uwanja ziliendelea kupumua. Alihesabu pumzi zake, akachoma tena mara mbili. Sindano ya kipimo ilikuwa imelala.

Hapakuwa na kitu. Alijiambia achome mara ya mwisho. Mwali ulikuwa mfupi, wa pili ukakohoa na kufa katikati.

Basi, mbali na kijiji, mbali na taa zote, kwenye weusi wa bonde la kando ambako yeye asingetazama kamwe, nukta nyeupe iliwaka. Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika.

Aliushika mkono wa Sjoerd, akamwinua mabega taratibu, akiukinga mguu, mpaka kichwa chake kikapita juu ya kitambaa. Nukta iliwaka tena mara mbili. Sjoerd aliitazama. Theluji ilikuwa imeganda kwenye nyusi zake.

“Zinaonekana,” alisema.

“Zinaonekana, shemeji.”

“Hivi ndivyo kaka alivyokuwa akiona.”

Taa zile hazikuacha. Ziliwaka mara mbili, zikapumzika, zikawaka mara mbili, saa baada ya saa, hata pale waokoaji walioitwa na Jeltje walipoanza kupanda msituni wakiwa na tochi vichwani na kitanda cha kuteleza juu ya theluji. Wakati wote ule Sjoerd hakulala wala kunyamaza. Kila zilipowaka alisema, haya, hizo. Froukje alilia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja.

Walipofika chini, betri ya gari ilikuwa imekufa. Jeltje alikuwa amesimama kando, hajavaa glavu. Alimwambia baba mdogo samahani, gari haliwaki. Sjoerd, akiwa amefungwa kwenye kitanda kama mzigo, alimwambia dereva mzuri haombi msamaha.

Majira ya kuchipua yalipofika Froukje alikaa mbele ya cherehani, akashona vipande. Hakuificha mishono yake. Ilipita sambamba na ya Harmen, imepinda hapa na pale, na mtu yeyote angeweza kuona wapi mmoja aliishia na mwingine alianzia. Sjoerd alibatizwa mle bandani, fimbo mkononi. Ziliungua nywele tatu, alidai nne. Aliitwa Lodi Sjoerd wa Bakuli Lisilo na Barabara, Mlinzi wa Mtungi, na chupa ya mkulima ikamwagwa kichwani kwake.

Jumapili moja tulivu Froukje alipanda peke yake. Alivuka mifereji, ng'ombe, mnara wa kanisa. Alipoona malisho mazuri alishuka. Hakutazama kama yana njia. Akachoma mara mbili fupi, akanyamaza. Mchana kweupe, mbali, kwenye barabara nyembamba kama uzi, nukta mbili ziliwaka, zikazimika, zikawaka.

Sjoerd alifika na trela akichechemea, akamimina kahawa vikombe viwili, akampa kimoja. Walikunywa wakitazama kitambaa kikilala kwenye nyasi. Hakuuliza kama aliziona.