Kikohozi Nyuma ya Mashuka

Ndugu zangu, ketini kidogo niwasimulie yaliyompata jirani yangu, Mama Dobi. Mwenyewe ameniruhusu.

Alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni. Asubuhi ua wake uligeuka mawingu: kamba baada ya kamba, mashuka meupe yakivuta pumzi na kuishusha pamoja na upepo. Binti zake wawili waliyakunja huku wakicheka, kila mmoja ameshika ncha zake, wakikutana katikati na kuachana tena. Ukipita njiani ungetamani kuzaliwa nyumba ile.

Kisha binti wa kwanza, tuliyezoea kumwita Kifungua, akafa kwa ugonjwa wa kifua.

Siku zikayeyuka kama mvuke wa pasi. Alasiri moja Mama Dobi alikuwa akipiga pasi mlangoni, mara akasikia kikohozi uani. Kilikuwa kile kile, kifupi, kikavu, cha mtu anayejizuia. Kivuli kikapita nyuma ya shuka. Alisahau pasi mkononi mpaka foronya ikaungua.

"Amerudi," alimwambia mumewe, fundi bomba.

"Nani?"

"Mwanangu. Amekuja kunisaidia kuanua."

"Mke wangu, maiti haanui nguo."

"Wewe huna masikio ya mama."

Tangu hapo, kila alasiri aliketi uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, akizungumza na mashuka kwa sauti laini, kama anayebembeleza mtoto alale. Habari zikafika kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Unadhani watu walimwendea? Thubutu! Walikaa kubishana.

"Mkristo haamini mizimu," alisema mmoja. "Hayo ni mashetani."

"Mbona wanafunzi walipomwona Bwana juu ya maji walidhani ni mzimu?" alidakia mwingine. "Kitu kisichokuwepo walikiogopa vipi?"

Chai ikapoa vikombeni, hoja zikazidi kupamba moto.

Na Kitinda, yule binti aliyebaki? Alifua, akasuuza, akaanika peke yake. Akisema, "Mama, nasikia baridi," mama alimjibu, "Nyamaza kidogo, mwanangu. Dada yako anaongea." Basi mtoto akajifunza kunyamaza, na gauni likaanza kumpwaya.

Baba, maji yalipomfika shingoni, akamwendea mchungaji wetu, mwanamke wa maneno machache. Mchungaji alikuja alasiri, akaketi chini kando ya ile ndoo.

"Niambie kweli, mchungaji," alisema Mama Dobi. "Imani yetu ina nafasi ya mizimu, au haina? Maana wengine wanasema nimechanganyikiwa."

"Sijui yote, mama. Najua kwamba Bwana alipofufuka, wenzake wakadhani wanaona mzimu, hakuwacheka. Aliwaambia wamguse. Akaomba chakula, akala mbele yao. Na wafu wetu tumekatazwa kuwaita. Wako mikononi mwake. Hawako kwenye kamba za nguo."

Nyuma ya mashuka, kikohozi.

"Huyo!" Mama Dobi alinong'ona, machozi yakimlenga. "Umemsikia?"

"Nimemsikia. Twende tumguse."

Wakapita shuka la kwanza, la pili, mama akifuata kama anayetembea usingizini, weupe ukimpapasa uso. Nyuma ya shuka la mwisho alichuchumaa Kitinda, ameziba mdomo kwa kiganja. Mama akanyoosha mkono kumgusa yule wa ndotoni, nao ukatua juu ya paji la uso lililokuwa likiwaka moto. Kiganja cha mtoto kilikuwa na damu.

"Ni wewe? Muda wote huu ni wewe?"

"Nilikohoa polepole, mama. Nilikuona unafurahi ukimsikia dada."

Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Kilikuwa kifua kikuu. Daktari alisema wangekawia kidogo tu, wangekuwa wanazungumza mengine. Mtoto alimeza dawa miezi mingi, akapona. Mama Dobi naye akaanza upya kumlilia Kifungua, safari hii begani kwa mumewe, na asubuhi huamka kufua.

FUNZO

Wapendwa, swali la mizimu ni halali, na asiyejua aseme sijui kama mchungaji wetu. Lakini wafu wana Mwenyewe wa kuwatunza. Walio hai tumekabidhiwa sisi. Mfiwa asiachwe peke yake hadi vivuli viwe ndio wenzake. Anayekohoa apelekwe hospitali kwanza, mabishano yangoje. Na wewe mzazi uliyefiwa, lia, kulia si dhambi. Ila mshike mkono yule aliyebaki, kwa maana naye amefiwa.