Wimbo wa Mama Mkwe Haukuwa Chaguo Langu

Nina miaka thelathini na moja. Naishi Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, na nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mtu. Sina mume, sina mtoto. Nina kaka mmoja tu, tumbo moja, naye hanisemeshi...

Wasomaji wenzangu, mikasa yenu nimeisoma kwa miaka, nikilia na nyie bila kuwajua. Leo ni zamu yangu. Nivumilieni, maana hata wapi pa kuanzia sipajui.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tano, akatuacha mimi na kaka yangu Wambura mikononi mwa baba, kijijini kwetu Butiama. Kwa hiyo niliposema nimepata mchumba, nitamwita Magesa, msimamizi wa duka la pembejeo Bunda, kuna jambo sikumwambia mtu yeyote. Nilimpenda mama yake kuliko nilivyompenda yeye! Mnacheka? Chekeni tu. Nyie wenye mama hamuwezi kunielewa.

Mama huyo ndiye aliyeniona kwanza. Alikuja Musoma kwenye mkutano wa jumuiya, mvua ikamkuta mjini, akaingia dukani kwetu kujikinga. Nikampa kigoda na chai ya tangawizi. Tukapiga stori mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha bado hakuondoka! Wiki iliyofuata akarudi na mwanae. Alimsukuma mbele kidogo akacheka, akasema huyu ndiye niliyekuambia.

Toka hapo alikuwaga ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Alikuwaga ananitumia unga wa ulezi kwa basi, umefungwa kwenye kitenge, na kitenge hicho ananiambia nishone. Alikuwa ananiita "mwanangu wa kike". Jamani... tangu mama afe nilikuwa sijaitwa hivyo.

Mahari ikaja. Ng'ombe wakaingia kwetu mchana kweupe, majirani wanachungulia, baba amevaa koti lake la Pasaka. Lakini hawakukaa sana zizini. Kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Baba aliwaswaga mpaka Buhemba, akamwolea Wambura binti anaitwa Rhobi, na Rhobi akaja kwetu. Alikuwa msichana mcheshi, kutwa anaimba jikoni. Nikienda kusalimia alikuwaga ananisuka, huku ananitania kuwa yeye amekuja kwa miguu ya ng'ombe wa wifi yake. Haukupita muda akawa mjamzito.

Na sheria ya kwetu hata mtoto mdogo anaijua. Mwanaume akivunja uchumba, ng'ombe wake wamekwenda. Upande wa binti ukikosea, ng'ombe wanarudi. Shikeni hapo, mtaniona nilivyozama.

Kamati ya send-off ikakaa, tukapata ukumbi mjini na DJ, kijana anaitwa Denis. Denis alikuwa hataki tena mambo ya kuandikiwa nyimbo kwenye vikaratasi. Alikuwa na kitu cha kisasa kwenye simu. Anakutumia linki, ukifungua unaona ratiba yote ya sherehe: kuingia kamati, kuingia wakwe, keki, zawadi, chakula. Chini ya kila kipengele unaweka wimbo unaoutaka, unaandika jina lako, basi. Mwenzako akifungua anauona, anaongeza wa kwake, anaupandisha, anaushusha, hata kuufuta anaweza. Siku ya sherehe DJ anafuata mlivyopanga.

Tuliipenda sana! Kamati nzima ilikuwa inagombana humo kwa utani, huyu anaweka singeli kwenye chakula, yule anaifuta anaweka rumba. Ila nyimbo za kuingilia Denis aliziweka ukurasa wa peke yake, maana ndizo zenye heshima. Linki yake alitutumia wawili tu, mimi na Magesa.

Wimbo wa kumwingizia mama mkwe nilimuuliza mwenyewe kwa simu. Akasita, akasema yeye ni mzee, apigiwe chochote. Nikambembeleza. Basi akaanza kuimba, sauti imekwaruza, wimbo wa kwaya wa shukrani ambao yeye na wenzake waliuimbaga ujanani. Nilitafuta mpaka nikapata kwaya iliyourekodi. Nikauweka mahali pake, nikaandika: Vero.

Siku ikafika. Nimekaa mbele na matroni wangu, nimevaa gauni la rangi ya machungwa. Denis alikuwa amefunga projekta, na ukutani kulikuwa kunatokea kila wimbo na jina la aliyeuchagua. Watu wanashangilia wakiona majina yao. Nilishangaa kidogo, hilo hatukuwa tumelipanga, lakini nikaona limependeza.

MC akatangaza wakwe kutoka Bunda. Watu wote wakasimama. Mama mkwe wangu ametangulia, amevaa kitenge sare na dada zake, kichwani amebeba kikapu cha ulezi, ameshaanza kuyumba kwa madaha akisubiri kwaya yake. Magesa yuko nyuma yake.

Muziki ukalia... Haukuwa kwaya!

Ulikuwa mpasho. Ule wa kumchamba mama mkwe mroho anayechungulia sufuria ya mkamwana wake, anayeambiwa afunge virago arudi kwake akafe na wivu wake. Ukumbi mzima unaujua. Na ukutani, kwa herufi kubwa: Chaguo la Bibi Harusi, Vero.

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Mama mkwe hakucheka. Alisimama katikati ya zulia, akatazama ukutani, nikaona midomo yake inasoma jina langu. Akakishusha kikapu taratibu, akakiweka chini. Akageuka.

Nilipiga kelele, "Mama! Mama siyo mimi!" Nani anisikie? Spika zilikuwa zinanguruma. Nilikimbia kwa Denis, gauni nikalikanyaga nikaanguka, nikainuka. Alipozima muziki, upande wote wa Bunda ulikuwa umeshafika mlangoni. Denis ananionyesha simu yake. "Dada, si umebadilisha mwenyewe leo saa nane? Jina lako si hili?"

Nikageuka kumtafuta Magesa aniokoe. Alikuwa amemshika mama yake mkono, anamwambia twende mama, twende. Watu wote walikuwa wameutazama ule ukuta. Yeye peke yake hakuutazama hata mara moja. Nililiona hilo, lakini akili yangu ilikataa kulishika.

Chakula kililiwa na majirani. Mimi nililala na gauni langu.

Wazee wakakaa Butiama, wa kwetu na wa kwao. Mama mkwe hakuja. Niliapa kwa Mungu, niliapa kwa kaburi la mama. Nikawaeleza kuwa kwenye kile kitu cha Denis jina anajiandikia mtu mwenyewe, hakuna anayekuuliza kitambulisho. Mzee mmoja wa Bunda akaniuliza kwa upole kabisa, linki hiyo ilikuwa kwa nani na nani? Nikajibu ukweli, kwangu na kwa Magesa. Akawageukia wenzake akawauliza, mtoto gani atamtukana mama yake aliyemzaa mbele za watu?

Hata baba yangu aliangalia chini. Na mimi je? Hata mimi nilijiuliza swali lile lile!

Ng'ombe wakatakiwa warudi. Watarudi wapi nao walikuwa Buhemba? Baba akauza shamba la bondeni, halikutosha. Akaenda kwa baba yake Rhobi na kofia mkononi. Mzee yule hakugomba. Alisema tu, chukueni ng'ombe wenu, na mimi nimchukue mwanangu. Akaja mwenyewe kumchukua. Rhobi aliondoka kwetu na tumbo lake, analia, anageuka nyuma kila hatua, na Wambura amesimama kwenye zizi tupu hata kumfuata hawezi. Angemfuata na nini?

Kaka yangu aliondoka wiki hiyo hiyo kwenda kuchimba dhahabu, ili apate ng'ombe wa kumrudishia mke wake. Hakuniaga.

Ndipo Denis akanifuata dukani. Alikuwa amekonda, wateja wamemkimbia na yeye. Akasema dada kuna kitu kinanisumbua. Siku ile mchana bwana harusi alinipigia simu. Aliniomba niwashe projekta, nyimbo zitokee na majina, watu waone bibi harusi wetu anavyojua kuchagua muziki. Denis aliona ni mapenzi. Sasa alikuwa anajiuliza, na mimi sikuwa na cha kujiuliza tena. Nilifunga duka nikapanda gari la Bunda.

Nilimkuta Magesa kwenye duka la pembejeo. Nyuma ya kaunta, juu ya magunia ya mbegu, amekaa mwanamke ananyonyesha. Mtoto ni mkubwa, meno anayo. Na paji lake la uso... Mungu wangu! Lilikuwa la mama mkwe wangu.

Nilitaka kumrukia Magesa, akaniwahi. Alinivuta nje, akaniambia kwa sauti ya chini, wala hakukana. Kwamba mama yake alishanipenda, na yeye hana ubavu wa kumwambia mama yake simtaki mtu uliyenichagulia. Kwamba angevunja yeye, ng'ombe wa baba yake wangepotea na angelaaniwa. Ilikuwa lazima mama anichukie mwenyewe. "Sikuwa na njia, Vero. Wewe ni mtu mzuri, utapona tu."

Utapona tu! Kama vile nimeumwa mafua.

Nikamwambia basi twende kwa mama, ukaseme haya haya. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Akasema nenda. Nani atakuamini?

Nilikwenda. Nilisimama kwenye ua wa mama mkwe wangu na jua lote la mchana. Nilimsikia ndani anakohoa, kikohozi chake nakijua. Akamtuma dada yake aje mlangoni aniambie kwamba mama amesema wimbo wangu ameshausikia, hana haja ya kusikia mwingine. Nikaita, "Mama, mimi ni Vero!" Mlango ukafungwa. Nilipomwambia dada huyo habari za mwanamke wa dukani, alitema mate, akasema sasa nimeanza na kumchafua mtoto wa watu.

Baadaye nilipata habari kuwa mwanamke yule ameolewa rasmi. Ng'ombe waliokwenda kwao ni wale wale waliotolewa zizini kwa Rhobi. Mama mkwe alimpokea mjukuu wake akacheza kwaya. Simlaumu. Mimi ningekuwa yeye, ningefanya nini?

Wambura alirudi nyumbani Krismasi, mikono imechanika, hana kitu. Nilimpigia magoti nikamweleza yote, mpaka mtoto wa dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nakuamini dada. Haya, nimekuamini. Rhobi atarudi?" Akachukua beleshi lake akatoka. Toka siku hiyo hatujazungumza.

Rhobi alijifungua mtoto wa kike kwao. Sijamwona. Kwa mila zetu mimi ndiye shangazi yake, lakini kwa babake Rhobi mimi ni nani? Nikaingie uani kwake na mguu gani?

Ule ukurasa wa Denis bado uko kwenye simu yangu. Siku zile kila mwenye linki aliweza kuubadilisha. Sasa sherehe imepita, umejifunga, hata Denis mwenyewe kashindwa kuufungua. Wimbo uko pale pale, chini ya kuingia wakwe, na jina langu pembeni. Nimejaribu mara nyingi kuufuta. Nabonyeza, nabonyeza... hautoki.

Dada zangu mnaoolewa, nawasihi. Hivi vitu vya kupangia nyimbo kwa pamoja ni vizuri, sivikatai, vinachangamsha kamati. Lakini asikudanganye mtu kwamba jina lililoandikwa ni la mwenye mkono. Wimbo wa mkweo mpe DJ wewe mwenyewe kwa mdomo, na kabla wakwe hawajaingia uende ukausikilize. Na kama mchumba wako amekuwa bubu, anaitikia kila kitu mama yake akisema, mkalishe chini muulize, unanitaka au hunitaki? Mimi sikuuliza. Niliogopa jibu lisije likaninyang'anya mama.

Na nyie kaka zangu, kama humtaki mtu, si useme! Ng'ombe wanazaliwa kila siku.

Nimeambiwa gazeti hili linafika mpaka Bunda, na kwamba mama fulani huko husomewa mikasa na wajukuu zake akiwa anachambua ulezi. Ndiyo maana nimeandika. Mama, naitwa Veronika, na safari hii jina nimeliandika kwa mkono wangu. Wimbo niliokuchagulia ni ule ulioniimbia kwenye simu. Mpaka leo naujua wote.