Maneno ya Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kazi ya kwanza ya Redio ilikuwa kumshusha bibi yake ngazi. Familia yao ilipanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule, na ngazi za kufika huko zilikuwa nyembamba na zenye giza. Bibi alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega la mjukuu wake kwa mkono mwingine, akateremka polepole huku akizisema ngazi vibaya kana kwamba zina masikio.

"Aliyezijenga hizi hakuwa na bibi," alinung'unika.

"Alikuwa naye, Bibi, ila walikuwa wamekosana," Redio alijibu, na wote wawili wakacheka. Siku hizo kicheko cha Bibi kilikuwa kifupi, maana magoti yalimuuma mno.

Redio halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake darasani walimpachika jina hilo kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshaenea shule nzima. Hakuona ubaya wowote. Tena alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho. Aliweza kusoma midomo ya watu.

Kipaji hicho alikipata kwa Bibi. Mji wao mdogo ulijengwa kwa ajili ya kiwanda cha nguo, na Bibi alikuwa mfumaji humo tangu ujana wake. Kiwanda kilishafungwa, king'ora kikanyamaza, na bomba lake refu la moshi likabaki limesimama bila kazi. Lakini zamani mitambo ya kufuma ilipiga kelele kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia hata sauti yake mwenyewe. Wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Bibi alimfundisha mjukuu wake mazungumzo hayo, na pamoja nayo akamfundisha sheria moja.

"Ukiona midomo ya watu wasiozungumza nawe, nyoosha mkono juu, kiganja wazi," alimwambia. "Hapo watajua kwamba unawaona. Wakitaka wataendelea, wasipotaka watageuka. Anayetazama kimya kimya, sisi kiwandani tulimwita mwizi."

Redio aliitikia kwa kichwa. Sheria ni rahisi kuikubali ukiwa umekaa mkekani na hakuna unachokitamani.

Mwaka ule wazazi wake walipata nyumba ya kununua. Ilikuwa miongoni mwa nyumba za matofali zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda, zilizopangwa mstari mmoja, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ilikuwa na dirisha pana la mbele, jiko lenye mwanga wa kutosha na ua mdogo nyuma. Zaidi ya yote, haikuwa na ngazi hata moja. Wenye nyumba walikuwa mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda, na mkewe.

Baba alikuwa dereva wa lori na wakati huo alikuwa safarini, kwa hiyo Mama, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeshughulikia ununuzi. "Bei yao ni ya haki na tunaimudu," alisema. "Kikibaki chochote, utapata baiskeli."

Tangu siku hiyo baiskeli haikumtoka Redio kichwani. Aliiota ikiwa nyekundu, yenye kengele.

Jumamosi moja walikwenda kukamilisha mazungumzo. Mama alipima madirisha kwa futi yake ya kushonea, tayari kwa mapazia, akawa anatabasamu peke yake. Kisha wenye nyumba waliomba nafasi washauriane kidogo. Mama na Redio wakatoka, wakasimama ng'ambo ya barabara. Mama aligeuka kutazama mabati ya paa la jirani. Redio alitazama dirisha.

Nyuma ya kioo, mama mwenye nyumba alikuwa akimwambia mumewe: "Wakisita, tupunguze bei. Daktari ametaka tuhamie karibu na hospitali kubwa kabla mwezi haujaisha. Moyo wako hautangoja."

"Mtu yeyote asijue," mzee alijibu. "Sitaki kuonewa huruma na mtaa mzima."

Mkono wa Redio ulianza kuinuka wenyewe, kwa mazoea. Ndipo baiskeli nyekundu ikampitia kichwani, na kengele yake. Akautia mkono mfukoni.

"Mama," alisema, "usiikubali bei yao. Wana haraka ya kuhama. Nimesikia dukani, watu walikuwa wanaongea."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilisahau."

Mama alifikiri kidogo. Kubembeleza bei si kosa, kila mnunuzi hufanya hivyo. Walipoitwa ndani alisema kwa adabu, "Nimesikia mna haraka ya kuhama. Mkitupunguzia kidogo, tutamaliza mambo wiki hii hii."

Mama mwenye nyumba aliweka kikombe chake mezani. Hakumtazama Mama, alimtazama Redio.

"Umesikia wapi?"

"Dukani," Mama alijibu.

"Dukani," yule mwanamke alirudia taratibu. "Basi duka hilo lina masikio makubwa kweli. Samahani, dada. Nyumba haiuzwi tena."

Walirudi nyumbani. Jioni, Mama alikata kitambaa kwa mkasi mkubwa, akikata kwa hasira kidogo, huku akimsimulia Bibi. "Sikuelewa kabisa! Nimetaja haraka yao tu, akabadilika uso. Sasa tutatafuta wapi nyumba nyingine isiyo na ngazi?"

Bibi alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba, akijikanda magoti. Alimtazama mjukuu wake, na midomo yake ikatamka bila sauti: "Dukani kweli?"

Redio angeweza kuinamia daftari lake na kujifanya hajaona, lakini kwa Bibi ujanja huo usingefua dafu. Akajibu vilevile, bila sauti: "Dirishani."

"Ulinyoosha mkono?"

"Hapana."

Bibi alifumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Redio kuliko kugombezwa. Aliyatazama yale magoti yaliyovimba. Kwa ajili ya kengele ya baiskeli, alikuwa ameyahukumu kupanda na kushuka ngazi zile kila siku.

"Mama," alisema kwa sauti, "sikusikia dukani. Nilisoma midomo yao dirishani, nikakudanganya."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umenifanya nimwambie mtu uongo nikiwa nimeketi kwenye kiti chake, nimeshika kikombe chake. Kesho tutakwenda. Na utakayezungumza ni wewe."

Kesho yake Redio alitangulia njia nzima, kwa sababu alijua akibaki nyuma atarudi. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani, akifuta kioo. Alipowaona, alishika pazia ili alifunge. Redio alisimama palepale barabarani, akanyoosha mkono juu, kiganja wazi. Kisha, akijua kwamba mtaa ule ulikuwa wa watu wa kiwandani, akatamka bila sauti, polepole: "Nisamehe. Jana niliyaona maneno yenu. Sikunyoosha mkono."

Pazia halikufungwa. Baada ya muda mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo," Redio alisema.

"Marahaba. Ingieni. Mambo kama haya hayazungumzwi barabarani, mtaa huu una macho." Alipofunga mlango aliendelea, "Ulidhani ni wewe peke yako? Mimi nilifuma kiwandani mpaka siku kilipofungwa. Wewe ulipokuwa unamwambia mama yako habari za dukani, nilikuwa nakuona neno kwa neno."

Redio alitamani sakafu immeze. Alimaliza habari yote hata hivyo, pamoja na baiskeli, bila kujitetea.

Mzee alikuwa ametoka chumbani, akasimama akiegemea mlango. "Na huko shuleni?" aliuliza kwa ukali. "Nasikia wanakuita Redio. Umeshanitangaza?"

"Hapana, babu. Mama na Bibi tu ndio wanaojua. Sitamwambia mtu mwingine."

Mzee alivuta kiti, akakaa. "Basi imezimwa kwa wakati," alisema, na mkewe akacheka bila kutaka.

Mama naye aliomba radhi. "Sijaja kubembeleza bei," alisema. "Kama nyumba imeshapata mtu, tutaelewa."

"Haijapata mtu. Bei ni ileile ya kwanza, sipunguzi hata kidogo," alisema mama mwenye nyumba.

"Na mimi nalipa ileile."

Yule mwanamke akamgeukia Redio. "Sikiliza, mwanangu. Nyumba za mtaa huu zimegusana. Ukipika, jirani ananusa. Ukigombana na mumeo, jirani anajua mlianzia wapi. Tumeishi hivi miaka mingi na hatujachokana, kwa sababu kila mtu anajua lililo lake na lisilo lake. Kuona si kosa, una macho. Kosa ni kulichukua lisilo lako ukalitumia. Anayetaka kununua nyumba hapa, anunue na hilo."

Walihama kabla mwezi haujaisha, baada ya wenye nyumba kuondoka salama kwenda karibu na hospitali. Baiskeli haikununuliwa, na Redio hakuitaja. Yeye mwenyewe alipaka rangi chumba cha Bibi, na nyingine ikamwishia kwenye nywele. Bibi alitembea peke yake kutoka jikoni hadi uani, akarudi, akaenda tena, bila kushika bega la mtu, akiwa na furaha kama mtoto aliyepata viatu vipya.

Jioni hiyo Redio alikuwa akifuta kioo cha dirisha pana. Ng'ambo ya barabara, wanawake wawili walikuwa wamesimama dirishani kwao, wakiitazama samani ya wageni na kuzungumza. Redio alinyoosha mkono juu, kiganja wazi. Wale wanawake walishtuka, wakatazamana, kisha wakaangua kicheko na kunyoosha mikono yao pia.

"Walikuwa wanasema nini?" Bibi aliuliza kutoka kitini.

"Sijui, Bibi. Hayakuwa yangu."

Bibi alinyoosha miguu yake vizuri. "Haya," alisema, "sasa umehamia."